Baada ya Kuondolewa Kifuko cha Nyongo, Mbeba Mizigo Arudi Lini Kazini?

Kila aliyewahi kusimama karibu na mchinjaji siku ya Udhhiya anakijua kifuko cha nyongo. Kisu kinachopita haraka kwenye ngozi na mbavu hupunguza mwendo kinapofika kwenye ini. Mchinjaji hukiweka chini, akakibandua kwa ncha za vidole kile kifuko cha kijani, akakitupa mbali kabla hakijapasuka na kuiharibu nyama. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyokifahamu kiungo hiki, kwa uchungu wa kilichomo ndani yake, na lugha yetu ikafuata mkondo huo huo: mwenye chuki ya siri ana kinyongo, aliyechoka kuvumilia hutema nyongo, na jambo lililoharibika limetumbukia nyongo.

Ni wachache wanaouliza kifuko hicho kina kazi gani katika mwili wa mwanadamu, mpaka siku daktari anaposema kwamba kimejaa vijiwe na hakina budi kuondolewa. Hapo maswali huja kwa wingi, na kwa mtu anayekula kwa nguvu za mgongo wake swali la kwanza huwa moja tu: je, nitaweza kubeba tena? Katika shughuli za ukatibu wa kamati ya msikiti swali hili humfikia mtu kwa njia nyingi. Huulizwa na mpagazi wa sokoni, na saidia fundi, na mama lishe anayeinua masufuria tangu alfajiri. Na aghalabu huulizwa pamoja na lile la pili, kwamba katika muda wa kungoja nyumba itakula nini.

Tuanze na kiungo chenyewe. Nyongo haitengenezwi na kifuko. Hutengenezwa na ini, takriban nusu lita hadi lita moja kwa siku. Kazi yake kubwa ni kusaidia usagaji wa mafuta tunayokula. Kifuko ni ghala tu, dogo mno, lenye uwezo wa kuhifadhi kama mililita 30 hadi 50, ambalo huikoleza nyongo na kuiachia mtu anapokula chakula chenye mafuta. Nyongo ikikaa humo bila uwiano mzuri wa vitu vilivyomo, huganda ikawa vijiwe. Vijiwe hivi huwapata zaidi wanawake, hasa waliobeba mimba kadhaa, watu wanene, wenye umri mkubwa, na hata waliopungua uzito kwa haraka kupita kiasi. Kwetu kuna kundi jingine lisilopaswa kusahauliwa, nalo ni wagonjwa wa seli mundu; kwa kuwa chembe zao nyekundu za damu huvunjika kwa wingi, vijiwe huweza kujitokeza wakiwa bado watoto au vijana.

Maumivu yake yana tabia yake. Hukaa juu ya tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu, au katikati ya chembe ya moyo, na hutambaa hadi mgongoni au kwenye bega la kulia, mara nyingi usiku baada ya mlo wa mafuta. Wako waliotibiwa vidonda vya tumbo miaka mingi, wako walioambiwa ni chango, na wako waliozungushwa kwa waganga, hadi kipimo cha ultrasaundi kilipoonesha vijiwe katika dakika chache. Ni vyema ifahamike pia kwamba si kila mwenye vijiwe hupasuliwa. Vijiwe vilivyonyamaza, visivyomletea mtu taabu yoyote, kwa kawaida huachwa. Vinavyouma mara kwa mara, au vinavyokivimbisha kifuko, au vinavyotoka na kuziba mfereji wa nyongo hata macho yakawa ya manjano na kongosho likavimba, hivyo ndivyo vinavyompeleka mtu chumba cha upasuaji.

Punda hana kifuko hiki

Kuna dhana iliyoenea miongoni mwa wafanyakazi wa nguvu kwamba nyongo ndiyo ushujaa na ndiyo nguvu, na kwamba aliyetolewa kifuko amebakia nusu mtu. Wako wanaume waliokataa upasuaji kwa hofu hiyo, wakavumilia maumivu hadi kifuko kikapata usaha.

Dhana hii haina msingi. Daktari wa Kijerumani Carl Langenbuch alikuwa wa kwanza kukiondoa kifuko cha nyongo cha mwanadamu, mjini Berlin, Julai 1882. Mgonjwa wake alikuwa mwanamume wa miaka 43 aliyeteseka kwa miaka 16, naye akapona. Langenbuch hakubahatisha, alikwisha kujua kwamba katika karne ya 17 kulifanyika majaribio kwa mbwa yaliyoonesha kuwa mnyama huendelea kuishi bila kifuko. Na kama mtu ataka ushahidi ulio karibu zaidi na macho yake, na autazame mkokoteni unaovutwa na punda. Punda hana kifuko cha nyongo. Farasi hana, na ngamia, ambaye watu wa majangwa walimtwika mali zao zote, hana pia. Nyongo yao hutoka kwenye ini na kuteremka moja kwa moja utumboni, kama inavyoteremka ya mtu aliyefanyiwa upasuaji.

Kwa hiyo anayeuliza kama kukosa kifuko kutampunguzia nguvu za kubeba, jibu ni hapana. Kinachomzuia kwa muda ni ukuta wa tumbo uliokatwa ili kukifikia kifuko hicho, na hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu.

Ngozi hupona kabla ya kilicho chini yake

Upasuaji huu hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya matundu, iliyoanzishwa na daktari mwingine wa Kijerumani, Erich Mühe, mwaka 1985. Mgonjwa hutobolewa matundu madogo, aghalabu manne, tumbo likajazwa gesi, na daktari akafanya kazi kwa vyombo vyembamba huku akitazama kwenye kioo cha televisheni. Ya pili ni ya wazi, ambapo hukatwa mstari mmoja mrefu chini ya mbavu za kulia. Hospitali zetu kubwa, Muhimbili ikiwamo, hufanya ile ya matundu. Lakini vifaa vyake havipatikani kila wilaya, na zipo hali ambazo daktari huanza na matundu akalazimika kufungua, ama kwa sababu ya uvimbe au kwa sababu ya kutokuona vizuri. Mgonjwa aliyeamka akakuta mshono mrefu asidhani amefanyiwa kosa.

Jambo la kwanza analopaswa kuuliza mfanyakazi wa nguvu kabla hajaondoka wodini ni hili: nimefanyiwa upasuaji wa aina gani? Muda wa kurejea kazini unategemea jibu lake. Nimeshangaa ni wangapi wasiojua.

Ngozi hufunga haraka. Baada ya siku kumi hivi nyuzi hutolewa au huyeyuka zenyewe, kovu likakauka, na mtu akajitazama kwenye kioo akaona amepona. Chini ya ngozi kuna utando mgumu unaoshikamanisha misuli ya tumbo, na huo ndio unaobeba mzigo. Utando huu hupona polepole mno. Baada ya wiki 6 nguvu yake huwa takriban nusu ya ile ya asili. Huendelea kuimarika kwa miezi kadhaa, na hata hapo haurudi kuwa kama ulivyoumbwa. Mtu anapoinua gunia hukaza tumbo na kuzuia pumzi, na msukumo wa ndani hupanda kwa kishindo. Utando ukiwa bado mchanga huweza kuachia, na utumbo au mafuta ya ndani yakajipenyeza hapo na kujitokeza chini ya kovu. Hiyo ndiyo ngiri ya kovu, na haina dawa ya kunywa.

Hesabu zinazotolewa na madaktari wengi ni hizi. Aliyefanyiwa upasuaji wa matundu anaweza kurudi kwenye kazi ya kukaa, kama vile karani au mshonaji, baada ya wiki moja hadi mbili, lakini kazi ya kuinua na kusukuma ingoje wiki 4 hadi 6. Aliyepasuliwa kwa mshono mrefu huhitaji wiki 6 hadi 8 ndipo afikirie kazi nzito, na kwa mizigo mikubwa ya gunia na mifuko ya saruji wapo wanaotakiwa kusubiri hadi wiki 12. Mwenye kisukari, mvutaji wa sigara, mtu mnene, mwenye kikohozi cha muda mrefu, na yule ambaye mshono wake uliingia usaha, wote hawa muda wao huongezwa. Karatasi aliyoandika daktari wako iko juu ya gazeti hili; ikisema wiki 10, ni wiki 10.

Nako kurudi si kwa siku moja. Katika wiki mbili za mwanzo wagonjwa wengi huambiwa wasiinue kitu kinachozidi kilo 5, na kwa kuwa nyumba nyingi hazina mizani, kipimo chetu kiwe dumu la maji la lita 5, ambalo lina kilo 5 kamili. Ndoo ya lita 10 ifuate kwa idhini ya daktari, na ile ya lita 20 baadaye sana. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Anayetoka kitandani na kuurukia mfuko wa saruji ameruka ngazi nyingi kwa hatua moja. Kinachotakiwa tangu siku ya kwanza ni kutembea, hata kama ni kuzunguka uani, maana kutembea huzuia damu kuganda miguuni na huyafungua mapafu. Maumivu ya bega kwa siku mbili tatu baada ya upasuaji wa matundu yasimtishe mtu. Husababishwa na ile gesi iliyobaki tumboni, nayo hupotea yenyewe. Anapokohoa au kupiga chafya aukandamize mshono kwa mto. Tena asikae na choo kigumu, kwani kujikamua chooni hukaza tumbo kama kuinua mzigo. Maji ya kutosha, papai na mboga za majani vitamsaidia.

Yuko ndugu mmoja wa msikitini kwetu, mbeba mizigo katika soko la vyakula, mwenye miaka arobaini na ushei, aliyeniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja. Alipasuliwa kwa mshono mrefu akaandikiwa kupumzika wiki 8. Siku ya 20 aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akavaa nguo zake za kazi. Kodi ya chumba ilikuwa imepitiliza na watoto wawili walirudishwa shule kwa sababu ya michango.

Mkewe akamwambia, “Baba watoto, karatasi ya daktari inasema wiki nane.”

Akamjibu, “Mama watoto, njaa haijui kwamba nimeshonwa.”

Alikusudia kubeba vitu vyepesi tu, na kwa siku nne alifanya hivyo, viroba vya kilo 25 na matenga ya nyanya. Siku ya tano lori la viazi likaingia, kundi lao likawa limepungukiwa na mtu, na wenzake wakamtazama. Alibeba gunia moja. Anasema hakusikia maumivu makali, bali alisikia kitu kimeachia, kama shuka kuukuu inayochanika. Baada ya wiki mbili uvimbe wa ukubwa wa yai ulikuwa ukijitokeza kila alipokohoa. Ilibidi apasuliwe tena na kuwekewa wavu wa kuzibia, kwa gharama iliyozidi ile ya kwanza. Hesabu yake mwenyewe ni kwamba zile wiki 5 alizotaka kuziokoa zilimgharimu miezi 7.

Sitaki msomaji amhukumu ndugu huyu kwa pupa. Hakuwa mjinga na hakuwa mkaidi. Karatasi ya daktari alikuwa nayo mfukoni, ila haikuwa na fungu la kodi ndani yake.

Na hapa niseme neno kuhusu lumbesa, ingawa huenda wafanyabiashara wakanichukia. Sheria ya vipimo inakataza magunia ya mazao yanayozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipambana na jambo hili miaka na miaka, lakini mazungumzo yake daima ni juu ya mkulima anayepunjwa. Mgongo na tumbo la anayelibeba gunia hilo hautajwi. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba uzito unaobebwa na mwanamume mzima kwa mikono usizidi kilo 55. Hata gunia halali basi, kwa kipimo hicho, ni la watu wawili. Mtu mwenye kovu jipya hana mahali kabisa katika kazi hiyo mpaka apone sawasawa, na hata akipona, naona ni busara abadilishe namna ya kufanya kazi: atumie mkokoteni au guta, wabebe wawili wawili, na mzigo upokelewe usawa wa kiuno badala ya kuinuliwa kutoka chini. Mkanda wa tumbo wanaoufunga wapagazi haushiki nafasi ya wiki za kupona. Humpa mtu ushujaa wa kubeba zaidi, na huko ndiko hatari iliko.

Kazi isiyohesabiwa kuwa kazi

Nimesema wanawake ndio wanaopatwa zaidi na vijiwe hivi, ilhali mazungumzo ya kurudi kazini huwa ya wanaume. Mwanamke aliyeruhusiwa hospitali huambiwa na jamaa, “Pole dada, sasa pumzika nyumbani,” kana kwamba nyumbani ndiko kwenye mapumziko. Ndoo ya maji ya lita 20 kutoka bombani ni kilo 20. Mtoto wa miaka miwili anayetaka kubebwa ni kilo 12 hivi. Kufua shuka kwa mikono, kutwanga kisamvu, kusonga ugali wa watu wanane katika sufuria kubwa, kuinama kwa fagio la chelewa. Hayo yote hufanywa kwa misuli ile ile iliyokatwa.

Mume anayetaka mkewe apone na akae na ratiba ya maji. Ajue nani atachota, siku gani, kwa wiki ngapi. Wifi, mama mkwe na watoto wakubwa wapangiwe zamu kabla ya siku ya upasuaji. Mama mmoja muuza chakula alifanyiwa upasuaji wa matundu nasi tukiwa tunamfahamu. Dada yake alihamia kwake kwa mwezi mzima, genge likaendelea, yeye akawa anakaa kwenye kiti akipokea pesa na kuchambua mchele. Alirudi kwenye masufuria katika wiki ya sita, na hadi leo hajapata tatizo. Kwa mtoto mdogo, mama akae ndipo aletewe mtoto mapajani, asiinuke naye.

Jambo jingine la nyumbani ni kukandwa. Desturi yetu ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kumfunga tumbo kwa khanga isihamishiwe kwa aliyepasuliwa nyongo. Maji ya moto na mikono inayokandamiza kwenye mshono mpya huleta madhara, na asali, mafuta au unga wa habbat sauda usipakwe juu ya kidonda kilicho wazi bila idhini ya daktari.

Sala, jeneza na mwezi wa Ramadhani

Wengi huuliza kuhusu sala. Asiyeweza kusimama husali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa husali kwa kulala, hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba anayeweza kusimama lakini akashindwa kusujudu hasamehewi kusimama. Husimama kisomo chake, kisha akaashiria rukuu na sijida, na sijida ikawa chini zaidi. Wapo wanaokimbilia kiti tangu takbira ya kwanza ilhali wametembea wenyewe hadi msikitini. Kuhusu udhu, tumbo si katika viungo vya udhu, kwa hiyo bandeji ya tumboni haimzuii mtu kutawadha kama kawaida. Mas-ala ya bandeji na tayammam huja kwenye josho la wajibu, na hapo amwendee imamu wake amweleze hali yake na agizo la daktari.

Hatari iliyojificha zaidi iko kwenye mazishi. Mwanamume aliyepasuliwa wiki mbili zilizopita huona haya kusimama pembeni jeneza likipita, hujitosa kulitia bega, na wengine hushika hadi koleo la kuchimbia. Kuzika ni faradhi ya kutosheleza. Wakiwapo wengine wa kutosha, yeye hana deni. Amsalie maiti, amwombee dua, na mambo ya kubeba awaachie vijana. Kadhalika kuhamisha mazulia na kuinua madumu ya maji msikitini.

Upasuaji ukiangukia karibu na Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na daktari amwambie lini mwili uko tayari. Akishapona, kukosa kifuko si kizuizi cha kufunga. Cha kuangaliwa ni futari. Kwa kuwa ghala halipo, nyongo huteremka kidogo kidogo muda wote, na mlo mzito wa mafuta unaoingia kwa mkupuo, sambusa, bajia na kachori kwa pamoja, waweza kumletea gesi na kuharisha. Kwa watu wengi hali hii hupungua kadiri wiki zinavyopita. Ale kidogo, arudie tena baada ya Tarawehe. Mbeba mizigo aliyeanza kazi akiwa bado anaharisha hupoteza maji mengi juani, na hilo alizingatie hata nje ya Ramadhani.

Kuna dalili ambazo mgonjwa asizisubirie siku ya kliniki: homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi au choo kuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, usaha kwenye mshono, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kushindwa kupumua. Uvimbe kwenye kovu unaogoma kurudi ndani, ukauma na mtu akatapika, ni wa kupelekwa hospitali usiku huo huo.

Haki ya mwajiriwa, na asiye na mwajiri

Waajiriwa wengi hawajui kilicho chao. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Wiki 8 ni siku 56. Maana yake ni kwamba mfanyakazi wa ghala au kiwanda ambaye hajatumia likizo hiyo anaweza kumaliza wiki 8 zote bila kukatwa hata senti. Sharti ni kuleta cheti cha daktari aliyesajiliwa, kile ambacho wafanyakazi wengi hukiita ED, na kwa jumla awe amefanya kazi kwa mwajiri huyo miezi 6 au zaidi. Akiachishwa kazi isivyo haki kwa sababu ya kuugua, mlango wake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nayo humtaka afike ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, na walioko huko wafuate hiyo.

Amwombe daktari aandike kwa ufafanuzi. Cheti kinachosema “apewe kazi nyepesi” humwachia msimamizi aamue wepesi ni upi. Kinachosema “asiinue zaidi ya kilo 10 hadi tarehe fulani” hakina mjadala. Dereva wa bajaji au bodaboda aulize swali lake peke yake: je, naweza kukanyaga breki kwa ghafla bila kusita kwa maumivu? Kama bado, barabara imngoje, na ingoje pia akiwa anatumia dawa za maumivu zinazoleta usingizi.

Lakini mpagazi wa soko hana msimamizi wa kumpelekea cheti. Yeye ndiye aliye wengi misikitini mwetu, na kwake sheria ile haifiki. Tumezoea kukusanya michango ya kulipia upasuaji. Ijumaa moja ndoo hupitishwa, fedha zikapatikana, mgonjwa akatoka hospitali, dua ikasomwa, na jamaa wakaridhika. Njaa yake huanza baada ya hapo. Kwa maoni yangu, kamati inayoweza kukusanya kiasi fulani ni bora isikimalize chote kwenye bili ikiwa hospitali inakubali kulipwa kwa awamu, bali itenge sehemu ya wiki za kupona. Mwenye sifa ya ufakiri, umaskini au deni ana fungu katika zaka, na mtu aliyefungwa na mshono asiyeweza kutoka kutafuta huwa na sifa hizo waziwazi.

Utaratibu wetu ni mwepesi. Mgonjwa au jamaa yake huleta karatasi ya kuruhusiwa, nasi hutazama idadi ya wiki zilizoandikwa. Kila Alhamisi jioni mjumbe mmoja, au mama wa kitengo cha wanawake ikiwa mgonjwa ni mwanamke, hupeleka bahasha yenye fedha za chakula cha wiki moja, na kodi huzungumzwa moja kwa moja na mwenye nyumba, ambaye mara nyingi naye ni mtu wa safu zetu za sala. Wapagazi wenzake nao huombwa wamwekee nafasi yake katika kundi, ili asiwe na hofu ya kukuta imechukuliwa. Bahasha ya mwisho haipelekwi mpaka mgonjwa awe amekwenda kuonana na daktari, na anayeipeleka humuuliza ameambiwa aanze na mzigo wa kilo ngapi.